ELIMU YA MAZINGIRA: Andika Ulichokiona, Siku na Mahali

Wakazi wa Angurai huonana na mijusi, kenge, nyoka na ndege kila siku, shambani na kwenye miamba. Tunayoyaona mara nyingi hayaandikwi popote. Kiumbe kikitoweka, hakuna wa kuthibitisha kwamba kiliwahi kuwepo.

Mwaka 1933 na 1934, Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao aliyewahi kusimamia Makumbusho ya Nairobi, alizuru misitu ya Kenya na Uganda kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alifika Kakamega, Kaimosi na Mlima Elgon. Alikusanya hasa nyoka, mijusi na vyura, lakini pia ndege. Mwaka 1935 alimpa mjusi mmoja wa mawe jina la kisayansi lenye Kaimosi ndani yake: kaimosae.

Kazi hiyo ingali na manufaa kwa sababu ya lebo. Nyoka ndani ya chupa, bila mahali wala tarehe, ni nyoka tu. Akiwa na lebo, ni ushahidi.

Hapa Busia tuna mfano wetu. Mbayuwayu wa buluu huzaliana kusini mwa Afrika, hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Kati ya Aprili na Septemba huja kwenye nyika za magharibi mwa Kenya, zikiwemo za Busia. Nyika hizo zinapungua kadiri zinavyolimwa. Anayeandika kwamba amemwona ndege huyu, au kwamba msimu umepita bila kumwona, anasaidia kujua hali yake.

Namna ya kuanza:

1. Chukua daftari. Andika tarehe, saa na jina la kijiji.
2. Eleza mahali: mwamba, kinamasi, shamba la mihogo au ukingo wa Mto Malaba.
3. Andika ukubwa, rangi, sauti na alichokuwa akifanya.
4. Piga picha kwa simu ukiwa mbali.

Usikamate wala kuua. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ukusanyaji huhitaji kibali. Nyoka akiingia nyumbani, ondoa watoto na uwaarifu maafisa wa KWS. Aliyeumwa atulie, asichanjwe wala kufungwa kamba, na apelekwe hospitalini mara moja.

Walimu na wazazi, daftari moja kwa kila darasa linatosha kuanza.