Salamu za njiani katika mitaa ya Marekani

Mtu anayetoka Afrika Mashariki akahamia Columbus, Minneapolis au mji mwingine wa Marekani anaweza kumaliza wiki nzima bila kumjua jirani wa nyumba ya pili. Watu hutokea mlangoni, huingia garini na kuondoka. Wengi wetu huamua papo hapo kwamba Wamarekani hawapendi watu. Si kweli. Anayetaka majirani atoke atembee kwa miguu, hasa jioni baada ya saa za kazi, apite njia ileile ili sura yake izoeleke. Saa hizo ndipo watu wanapotembeza mbwa, kumwagilia maua na kukaa barazani.

Salamu ya njiani ni fupi. Mkitazamana, tabasamu, salimia, pita. Atakuuliza hali yako huku anaendelea na safari. Jibu kwamba u mzima, muulize na yeye, basi. Kwetu salamu isiyogusa watoto na wazee wa nyumbani ni pungufu, lakini huko usiuhesabu ufupi kuwa dharau. Mazungumzo hukua polepole: leo salamu, kesho baridi iliyozidi, baadaye jina lako na unakotoka. Akikuambia upite kwake siku moja, hayo ni maneno ya wema tu. Mwaliko hasa hutajwa siku na saa.

Mbwa ndiye anayeanzisha mazungumzo mengi kuliko kitu kingine chochote. Miji mingi humtaka mwenye mbwa amshike kwa kamba anapokuwa nje. Ukitaka kumgusa, mwombe mwenyewe kwanza. Ukiwa unaogopa, au una udhu na hutaki akulambe, sema kwa upole. Atamvuta pembeni, na mara nyingi atakuomba radhi. Usikimbie, maana mbwa huvutwa na anayekimbia. Shika jina la mbwa huyo, na kesho ukimwita kwa jina utaona uso wa mwenyewe unavyochangamka.

Kwa watoto uwe mwangalifu zaidi. Tumelelewa tukijua kwamba mtoto wa jirani ni wa wote, na ni mila njema. Huko, hata hivyo, usimbebe mtoto usiyefahamiana na wazazi wake, usimpapase kichwa, usimpige picha wala kumpa peremende. Mpungie mkono, msalimie mzazi. Jioni ya Oktoba 31, siku ya Halloween, ni tofauti: watoto waliojipamba kwa mavazi ya kila aina hubisha hodi wakiomba peremende. Taa ya mlangoni ikiwaka, wanajua wanakaribishwa. Usipotaka kushiriki, izime. Ukishiriki, toa zile za dukani zilizofungwa.

Jumamosi asubuhi, majira ya joto, utaona meza za vyombo, nguo na vitabu vilivyotumika mbele ya gereji za watu. Vinauzwa, na bei hupunguzwa kwa maelewano. Aliyezoea soko la mitumba hahitaji kufundishwa. Utakuta pia vijisanduku vya vitabu vilivyosimamishwa kwenye nguzo. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 2009 na Todd Bol huko Hudson, Wisconsin, kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Chukua kitabu bure, na ukiweza uweke chako. Lakini usitumbukize barua yako ya mkono katika sanduku la posta la jirani: sheria ya nchi hairuhusu kuweka humo kitu kisicholipiwa posta. Iache mlangoni.

Usikate njia kupitia uwanja wa nyumba ya mtu, hata kama hauna ua. Magari hupita kulia, kwa hiyo aliyetoka Kenya, Tanzania au Uganda akumbuke kutazama kushoto kwanza anapovuka. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kushoto wa barabara ili uyaone magari yanayokuja. Theluji ikianguka, miji mingi humdai mkazi asafishe njia iliyo mbele ya nyumba yake. Ukimsafishia na jirani mzee kwa beleshi lako, umeshapata rafiki.

Usisubiri kualikwa ndipo ujitokeze. Jumanne ya kwanza ya Agosti, mitaa mingi hufanya National Night Out, mkutano wa wakazi na polisi ulioanza mwaka 1984. Texas huufanya Oktoba. Watu hukaa nje wakila pamoja. Nenda na familia, chukua sahani ya mandazi au sambusa, na uandike kwenye karatasi vilivyomo, hasa karanga na maziwa, kwa sababu wapo wanaodhurika wakivila.