Simba wa Katavi: twende lini?

SWALI: Tunaishi Kasekese. Wanangu wanataka kuona simba katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Twende mwezi gani?

JIBU: Agosti hadi Oktoba. Mto Katuma ukinywea, nyati na viboko hurundikana kwenye madimbwi yaliyosalia, na simba huwavizia papo hapo. Masika nyasi huwaficha wanyama na tope jeusi hunasa magari. Piteni Mpanda mjini, kisha Sitalike. Changeni nauli na majirani mkodi gari moja, mlale Sitalike, muingie hifadhini alfajiri. Saa sita mchana simba amelala tu. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu sana kuliko cha mgeni. Nguo nyeusi na za buluu ziacheni nyumbani: mbung'o huzipenda, nao hawana huruma!