Sisimizi Bafuni: Jua Kwanza Wanachofuata

Sisimizi wakijaa bafuni, wengi wetu hukimbilia dawa ya kupuliza. Dawa hiyo huua wale tunaowaona, lakini malkia anayetaga mayai hubaki salama kiotani. Baada ya siku chache, msafara hurudi. Ili kuwamaliza, fuata hatua hizi:

1. Chunguza njia yao. Usiwafagie mara moja. Tazama wanakotokea: ufa sakafuni, pembe ya dirisha au mahali bomba linapopenya ukutani.

2. Ondoa maji. Tengeneza mfereji unaovuja, kausha sakafu baada ya kuoga na usafishe tundu la maji machafu. Badilisha mbao zilizooza kwenye fremu ya mlango.

3. Weka chambo. Koroga nusu kijiko cha chai cha asidi ya boriki na vijiko 8 vya sukari katika kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Lowesha pamba, uiweke kando ya njia yao. Sumu hii hufanya kazi polepole, hivyo sisimizi huibeba hadi kwa malkia. Kwa siku kadhaa, usipulize dawa nyingine hapo.

4. Futa harufu na uzibe. Sisimizi huacha harufu inayowaongoza wenzao. Wakishaisha, osha njia kwa maji ya sabuni, kisha ziba nyufa kwa saruji.

Tahadhari

Chambo hiki ni sumu yenye ladha tamu. Kiweke mahali ambapo watoto na mifugo hawafiki, na usikihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda. Ukinunua dawa dukani, hakikisha lebo ina nambari ya usajili ya bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB. Kataa dawa iliyopimwa kwenye chupa isiyo na lebo. Mtoto akimeza sumu, usimtapishe. Mkimbize hospitalini pamoja na kopo la dawa hiyo.

Wakikusanyika penye mkojo

Mtu ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa huweza kutoa sukari kwenye mkojo, na sukari huwavutia sisimizi. Wakizoea kukusanyika pale mkojo ulipomwagika, usipuuze, hasa ikiwa kuna mtu nyumbani anayesikia kiu kila mara, anayekojoa mara nyingi, anayechoka upesi au anayekonda bila sababu.

Sisimizi si kipimo cha ugonjwa. Wanaweza kuja nyumbani kwa mtu mwenye afya, na wanaweza kukosekana kwa mgonjwa. Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika chache. Nenda katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwako. Kisukari kikigunduliwa mapema, macho, figo na miguu vinaweza kuokolewa.