SOMO LA AFYA: BASTOLA NDOGO, KISHINDO KIKUBWA

Wazee wetu wa Bukoba na Muleba wanakumbuka milio ya mizinga ya vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979. Leo tuna amani. Lakini silaha bado zipo mikononi mwa askari, walinzi, na watu wenye leseni. Watu wengi hudhani kwamba bastola ndogo ina mlio mdogo. Sivyo. Bastola fupi yenye risasi kali inaweza kuharibu masikio kwa mlio mmoja tu.

Mlio unatoka wapi?

Ndani ya risasi mna baruti. Baruti ikiwaka hugeuka kuwa hewa ya moto, nayo hewa hiyo huisukuma risasi katika mtutu. Mtutu ukiwa mrefu, hewa hupata nafasi ya kupungua nguvu. Mtutu ukiwa mfupi, hewa hutoka ingali na nguvu nyingi, na baruti nyingine huwakia nje. Fikiri chungu cha ndizi jikoni. Ukikifunua kingali kinatokota, mvuke hukurukia usoni. Ukingoja kitulie, mvuke hutoka taratibu.

Zipo pia bastola zenye silinda inayozunguka, ambayo mara nyingi hubeba risasi tano au sita. Kati ya silinda na mtutu pana upenyo mdogo. Hewa ya moto hutoka hapo pia, karibu na uso na vidole vya mpigaji.

Kwa nini hupiga teke?

Ukiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukoni, mtumbwi hurudi nyuma. Mtumbwi mdogo hurudi sana. Mtumbwi mkubwa uliojaa mzigo hurudi kidogo. Silaha nayo ni hivyo. Risasi ikienda mbele, silaha hurudi nyuma, na ikiwa nyepesi hurudi kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1935 huko Marekani, kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza bastola ya risasi kali iitwayo .357 Magnum. Bastola hiyo ilikuwa kubwa na nzito. Leo zipo bastola fupi za risasi hiyo hiyo ambazo uzito wake haufiki nusu kilo ya sukari. Teke lake huumiza kiganja na kifundo cha mkono. Mkono ukilegea, bastola huweza kuruka na kumpiga mpigaji usoni.

Sikio huumiaje?

Sauti hupiga kiwambo cha sikio. Kiwambo hutikisa vijifupa vitatu, kisha mtikisiko hufika ndani kabisa, kwenye vinyweleo vidogo sana vya kusikia. Vinyweleo hivyo vikifa havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Sukari tunaipima kwa kilo, na sauti tunaipima kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kishindo cha ghafla kinachozidi 140 ni hatari mara moja. Bastola hufika 150 hata kuzidi 160. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10.

Mtu aliyeumia masikio hasikii mtoto akilia usiku, wala pikipiki ikija nyuma yake barabarani.

Jinsi ya kujikinga

1. Mwenye kazi ya silaha avae vizibo vya masikio kila anapofanya mazoezi. Akivaa na vifuniko vya masikio juu yake, ni bora zaidi. Pamba kavu peke yake haitoshi.
2. Avae na miwani ya kukinga macho.
3. Aishike bastola kwa mikono miwili, na vidole visikae mbele ya silinda.
4. Watoto na watazamaji wakae mbali kabisa.
5. Silaha isipigwe kwa furaha harusini wala kwenye sikukuu. Huua, na huziwisha masikio.

Ukiumia ufanye nini?

Dalili ni hizi: masikio kulia kama nyenje, kusikia kama umezibwa, maumivu, kizunguzungu, au damu sikioni. Ukiwa na dalili hizi, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje wiki ipite. Mganga akiona haja atakupeleka hospitali, kama Rubya, Ndolage, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bukoba.

Usitie sikioni mafuta, maziwa, mkojo, wala maji ya majani. Usichokoe kwa njiti wala unyoya. Kiwambo kikitoboka, mara nyingi hupona chenyewe kikiwekwa kikavu. Basi usioge ziwani mpaka mganga akuruhusu.

Ukiungua vidole, vimwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Kifundo cha mkono kikivimba, kifunge kwa kitambaa, ukipumzishe, kisha nenda zahanati.

Ndugu wasomaji, jeraha la mguu huonekana, na jirani hukupa pole. Jeraha la sikio halionekani, na halifungwi bendeji. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtutu mfupi huongeza kishindo?
2. Kwa nini bastola nyepesi hupiga teke kali?
3. Taja vitu vitatu visivyofaa kutiwa sikioni.
4. Katika kijiji chenu ni akina nani wanaohitaji vizibo vya masikio?