Kutoa Kizazi kwa Sababu ya Uvimbe: Tuamue Vipi?

(Somo la kusomwa pamoja katika kikundi. Kabla ya kuanza, mmoja asome Marko 5:25-34 kwa sauti. Akina baba wasitoke nje.)

Somo hili hatukulitafuta sisi. Lilitujia siku moja tukifunga mkutano wa kikundi cha kusuka viondo. Wengine walipokwisha kwenda, mama mmoja alibaki nyuma, akafungua leso yake na kutoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Wameandika nitolewe kizazi. Nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili na jibu. Sasa nitajibu nini?"

Mama huyu alikuwa na miaka 44 na watoto wanne. Kwa miaka mitatu damu yake ya mwezi ilikuwa ikitoka siku nane au tisa, tena kwa mabonge. Alikuwa ameacha kuja kanisani siku hizo kwa kuogopa kuchafua benchi. Mtungi wa maji ulimshinda, na nyumbani wakaanza kusema ati amekuwa mvivu. Aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya dawa za mitishamba. Mnaposoma habari za yule mama katika Marko, angalieni kwamba naye alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Jambo hili si geni.

Tunakiri kosa letu. Ndani ya siku mbili kikundi kizima kilikuwa kimeshamwamulia. Mmoja alisema atabaki debe tupu. Mwingine akasema mzee ataoa mke mwingine. Wa tatu, na huyu alidhani anamfariji, akasema, "Toa tu, una watoto wa kutosha, ya nini tena?" Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza daktari amesema uvimbe uko wapi, au damu yake imepimwa ikawa kiasi gani. Tulikuwa tukishauri gizani.

Basi tuanze na ugonjwa wenyewe. Uvimbe huu, ambao hospitalini huitwa faibroidi, ni nyama ngumu inayoota kwenye msuli wa mfuko wa uzazi. Unaweza kuwa mdogo kama punje ya haragwe au mkubwa kama tikiti, na mtu mmoja anaweza kuwa nao mmoja au ishirini. Si saratani. Ni nadra sana uvimbe wa namna hii kupatikana kuwa saratani. Hauletwi na uchawi, wala na dhambi ya ujana, wala na kupanga uzazi. Unalishwa na homoni za mwanamke, ndiyo sababu hukua miaka ya kuzaa na kwa kawaida hunywea damu ya mwezi inapokoma kabisa. Tena ni wa watu wengi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba wakifika miaka 50, zaidi ya wanawake 80 kati ya kila 100 weusi wa huko walikuwa nao, na wengi hawakuwa wamejua.

Hapo pana jambo la kushika. Kama wengi wanao bila kujua, basi kuonekana kwa uvimbe kwenye picha ya ultrasaundi si sababu ya kupasuliwa. Kinachotazamwa ni taabu unayoleta: damu nyingi, maumivu, kwenda haja ndogo kila saa kwa sababu kibofu kimebanwa, choo kigumu, mimba kuharibika au kukosa mimba. Mahali ulipo ni jambo kubwa kuliko ukubwa. Kadogo kalikoota ndani kabisa, pale mtoto anapokaa, kanaweza kumwaga damu kuliko kakubwa kalikoota kwa nje. Kwa hiyo mtu akikuambia "yangu ilikuwa kubwa kuliko yako na sikupasuliwa", mwache aseme. Yako si yake.

Yule mama alipimwa damu ikawa 6.2. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi, na chini ya 8 ni hatari. Uvivu waliousema ulikuwa ni huo. Mama huyu alikuwa akipanda mlima na nusu ya damu.

Tulienda naye wawili siku ya kurudi. Alimwuliza daktari swali moja tu tulilokuwa tumefanya naye mazoezi: "Je, nikingoja miezi mitatu, kuna hatari gani?" Daktari akakaa chini. Akaeleza kwamba kwa damu ile asingempasua hata kesho, kwanza damu ipande. Akalazwa, akaongezewa painti mbili, akapewa vidonge vya madini ya chuma na vidonge vya kupunguza damu, vile vya asidi ya traneksamiki, ambavyo humezwa siku za hedhi tu. (Vidonge vya chuma visimezwe pamoja na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza na maji, na chungwa au ndimu ukipata, halafu chai baada ya saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke.)

Dawa ziko za namna nyingine pia. Kuna vidonge na sindano za homoni, na kuna koili yenye homoni ambayo hupunguza damu sana kwa wanawake wengi, ingawa kama uvimbe umeharibu umbo la ndani ya kizazi haikai vizuri. Kuna sindano za kunywesha uvimbe, lakini hizo ni za miezi michache, mara nyingi kutayarisha operesheni, maana zikiachwa uvimbe hurudi. Dawa za mitishamba hatujaona hata moja iliyothibitishwa kuyeyusha uvimbe huu. Na vile vijifuko vinavyouzwa ati vya kuingiza ukeni "kusafisha kizazi", tunawasihi msivitumie. Vinaweza kuchubua na kuleta maambukizo, na uvimbe hauguswi.

Dawa zikishindwa, au kama uvimbe ni mkubwa mno, ndipo upasuaji huingia. Hapo napo njia si moja, na wengi wetu hatujui hivyo. Daktari anaweza kutoa uvimbe peke yake na kuacha kizazi. Hii ndiyo njia ya mama anayetaka bado kuzaa. Ubaya wake ni kwamba damu inaweza kutoka nyingi wakati wa kupasua, na uvimbe mwingine unaweza kuota baadaye. Akipata mimba aseme mapema kliniki kwamba alipasuliwa, maana huenda akahitaji kujifungua kwa operesheni. Kuna pia njia ya kuziba mishipa inayolisha uvimbe, iliyoanza kujulikana kutoka Ufaransa mwaka 1995, lakini inahitaji mitambo na mafundi ambao huwapati ila katika hospitali chache kubwa.

Halafu ndiyo kutoa kizazi. Faida yake ni moja na ni kubwa: hedhi imekwisha na uvimbe hautarudi. Hasara yake nayo haina njia ya kurudi nyuma: hutazaa tena. Pia ni operesheni kubwa, yenye hatari za operesheni zote kubwa, yaani kutoka damu, maambukizo, damu kuganda miguuni, na mara chache kibofu au mirija ya mkojo kuumizwa.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo akina mama wengi huumia kwa kutouliza. Kizazi si kitu kimoja na ovari. Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai vinavyotengeneza homoni. Kizazi kinaweza kutolewa na ovari zikabaki. Zikibaki, homoni zinaendelea, ingawa damu haitoki tena. Zikitolewa zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi, mama anaingia uzee wa ghafla: joto la mwili, usingizi kupotea, mifupa kudhoofika, na moyo pia hupata hasara. Kwa hiyo uliza kabla ya kutia sahihi: "Utaziacha ovari zangu? Kama hutaziacha, kwa nini?" Uliza pia kama mlango wa kizazi utatolewa au utabaki, maana ukibaki utaendelea kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama kawaida. Na kabla ya yote hakikisha kipimo hicho kimefanywa, kwa sababu si kila damu inatokana na uvimbe. Mama aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima halafu akaona damu, hata tone, asingoje somo. Aende hospitali wiki hiyo hiyo. Na yule anayelowesha pedi au kitambaa kila saa, au anayeona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, aende leo, usiku au mchana.

Baada ya miezi mitatu damu ya mama yetu ilifika 10.8. Hedhi ilipungua, lakini si vya kutosha, na tumbo lilibaki kubwa kama la mimba ya miezi mitano. Alirudi nyumbani akakaa kimya juma zima. Kisha akatuambia, "Nimechoka kuhesabu siku. Nitatoa." Ovari zake ziliachwa. Siku ya tatu wodini alilia sana, na alipoulizwa akasema hataki mtoto mwingine, analia tu. Tulijifunza kunyamaza na kumshika mkono.

Wapo waliochagua vingine. Dada mmoja wa miaka 31, bado hajazaa, aliambiwa mahali pa kwanza kwamba kizazi kitolewe. Hakukubali, akatafuta daktari wa pili, na huyo akatoa uvimbe peke yake. Hadi tunaandika hajapata mimba. Kuna wanaosema amepoteza pesa bure. Sisi hatusemi hivyo, kwa sababu alijua hilo linaweza kutokea na akachagua kujaribu. Na mama mwingine wa miaka 50 ameamua kungoja hedhi ikome, akipimwa kila baada ya miezi sita. Anaendelea vizuri.

Swali la dhambi limeulizwa kila kikundi tulikopita. Kutoa kizazi kilicho kigonjwa si dhambi. Hata Kanisa Katoliki, ambalo ni kali katika mambo ya kuzuia uzazi, lilisema katika barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, Humanae Vitae, kwamba tiba inayohitajika kuponya mwili inaruhusiwa hata kama itazuia uzazi, mradi si kuzuia uzazi kunakokusudiwa.

Akina baba, neno lenu. Mke aliyetolewa kizazi hajawa mwanamume, wala hajawa mtupu. Baada ya kupona, kwa kawaida wiki sita hadi nane, tendo la ndoa linaendelea, na wengine huona nafuu kwa sababu maumivu na damu vimekwisha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama, tena kwa lugha anayoielewa, na idhini ni yake mwenyewe aliye mtu mzima. Mzee kushirikishwa ni vizuri sana. Mzee kukataa halafu mke aendelee kumwaga damu, hilo tumeliona, na watoto ndio waliobaki.

Mambo ya pesa tuyaseme wazi. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, mahali pake ni SHA. Kujiandikisha peke yake hakulipi operesheni. Lazima michango iwe imelipwa, na kwa wasioajiriwa hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kabla ya kupanga siku, mwulize karani wa hospitali SHA italipa kiasi gani na wewe utaongeza ngapi, pamoja na ultrasaundi, maabara, na kipande kilichotolewa kupelekwa kupimwa. Waulize pia kama ndugu watatakiwa kutoa damu. Mwekahazina wetu alijua hesabu hiyo mapema, kwa hiyo mkopo wa kikundi ulitoka kwa mpango na mama hakuuza ng'ombe wake.

Lakini pesa haikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa maji. Mtu aliyepasuliwa tumbo asibebe mtungi, kuni wala gunia kwa wiki sita hivi, na nyumba yenye watoto wanne haingoji. Tuligawana siku. Kila siku watu wawili, maji na kuni, na mzee wake akachukua zamu ya Jumapili mwenyewe bila kuambiwa. Wiki ya nne tulimkuta amejificha nyuma ya nyumba na mtungi wa lita ishirini, tukagombana naye vibaya.

Ya kujadili kikundini: Mwanachama wetu akileta karatasi kama ile leo, nani atamsindikiza kwa daktari, na tutamsaidia kuandika maswali gani? Katika kikundi chetu ni nani wamelipia SHA na nani bado? Zamu ya maji ya wiki sita tutaipangaje? Akina baba wajibu hili la mwisho kwanza.