JE, DHAMBI ZOTE NI SAWA?

Somo la kujadiliana kikundini. Mmoja asome kwa sauti, sehemu moja moja, na mwishoni mjibu maswali kwa pamoja. Mwenye Biblia aje nayo.



Kuna maneno mawili tunayoyasikia sana katika mikutano yetu. La kwanza: "Dhambi ni dhambi, hakuna kubwa wala ndogo." La pili: "Nani kati yetu hana dhambi?" Na mkiangalia vizuri, mtaona maneno haya hutoka zaidi siku ile pesa za kikundi zimepotea.

Tuchukue mfano. Kikundi kina akina mama 20. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 200 za merigoraundi, jumla shilingi 4,000, na zamu ya mwezi huu ni ya mjane anayezingojea alipe karo. Mama mmoja amechelewa kutoa zake kwa sababu mtoto amelazwa hospitali. Mweka hazina naye amezichukua zile zilizokusanywa, akalipa deni lake la dukani, na kitabuni akaandika ati pesa ziko. Siku ya mkutano mtu anasimama na kusema, "Hawa wawili wote wamekosa. Kila mmoja atoe faini shilingi 50, tuombe, tusonge mbele."

Je, hiyo ni haki? Na je, hiyo ndiyo imani yetu?

1. WANAOSEMA ZOTE NI SAWA WANA SABABU GANI?

Hawasemi bure. Mtume Paulo anafundisha kwamba hakuna mtu hata mmoja anayeweza kujitoa katika hesabu ya wenye dhambi (Rum 3:23). Yakobo naye anaonya kwamba mtu akivunja amri moja tu, hawezi kujidai kwamba ameishika sheria (Yak 2:10).

Neno hilo la Yakobo liliwasumbua hata wakubwa wa Kanisa la kale. Mwaka wa 415 hivi, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mahali palipo katika Algeria ya leo, alimwandikia Mtakatifu Jeromu barua juu ya fungu hilo. Maelezo yake kwa ufupi ni haya: amri zote zinategemea upendo. Ukivunja amri yoyote umeukosea ule upendo, ndiyo maana hatia yako inagusa sheria yote. Lakini kuna anayeukosea upendo zaidi, na kuna anayeukosea kidogo.

Basi dhambi zote zinafanana kwa jambo moja: zote zinamchukiza Mungu, na zote zinahitaji huruma yake. Lakini kufanana si kulingana. Mbuzi na ng'ombe wote ni mifugo, lakini sokoni hakuna anayewauza kwa bei moja.

2. BIBLIA YENYEWE INAPIMA

Hebu fungueni mafungu haya:

- Kut 22:1-4. Mwizi wa ng'ombe akishamchinja au kumuuza analipa ng'ombe watano. Kwa kondoo analipa wanne. Mnyama akipatikana angali hai, analipa wawili. Sheria ya Musa inapima hasara.

- Hes 15:27-31. Aliyekosa bila kujua anatolewa sadaka na kusamehewa. Aliyekosa kwa kiburi na kwa kusudi, habari yake ni nyingine.

- Mt 23:23-24. Yesu anawakemea waliokuwa waangalifu kutoa zaka hata ya vijani vya mboga, lakini wakaacha haki, huruma na uaminifu. Hakuwakataza zaka. Aliwaonyesha kilicho kizito zaidi.

- Lk 12:47-48. Mtumishi aliyejua mapenzi ya bwana wake akayapuuza anaadhibiwa kuliko yule ambaye hakujua.

- Yoh 19:11. Mbele ya Pilato, Yesu anasema wazi kwamba aliyemtia mikononi mwake ana dhambi iliyo kubwa zaidi.

- 1 Yoh 5:16-17. Mtume anatofautisha dhambi inayoleta mauti na ile isiyoleta mauti.

3. KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Kanisa Katoliki hutofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi. Dhambi ya mauti huua upendo wa Mungu ndani ya moyo. Dhambi nyepesi huuacha upendo ukiwa hai, lakini huujeruhi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka wa 1992, inaeleza (na. 1857) kwamba ili dhambi iwe ya mauti lazima mambo matatu yawe pamoja:

(a) Jambo lenyewe liwe zito, kama kuua, kuzini, au kutoa ushahidi wa uongo.
(b) Mtu awe anajua kabisa kwamba ni baya.
(c) Awe amekubali kwa hiari yake mwenyewe, bila kulazimishwa.

Moja likikosekana, uzito hupungua. Aliyeshikiwa panga ili atoe ufunguo wa sanduku la pesa hana hatia kama aliyelifungua usiku kwa mkono wake.

Katika vikundi vyetu tuko pamoja na ndugu wa makanisa mengine, na wengi wao wamefundishwa kwamba kila dhambi inastahili hukumu ya Mungu. Lakini hata hivyo si wote wanaosema kwamba zinalingana. Katekisimu Kubwa ya Westminster ya mwaka wa 1647, ambayo Wapresbiteri wameirithi, inauliza swali hili katika namba 150, na jibu ni kwamba dhambi nyingine ni mbaya kuliko nyingine. Kwa hiyo msigombane kwa sababu ya dini. Katika hili mko karibu kuliko mnavyodhani.

4. ALIYEUMIZWA NI NANI?

Hapa ndipo wengi tunasahau. Katekisimu (na. 1858) inasema tuangalie pia aliyekosewa. Kumpiga mzazi ni kubaya kuliko kumpiga mtu baki. Vivyo hivyo shilingi 4,000 kwa tajiri ni hasara, lakini kwa mjane ni mtoto kufukuzwa shule.

Tena ziko dhambi ambazo Maandiko yanasema kilio chake kinafika mbinguni. Miongoni mwake ni damu ya Abeli, kilio cha waliokandamizwa Misri, kilio cha mgeni, mjane na yatima, na mshahara wa kibarua ulionyimwa (na. 1867). Mungu ambaye husikia kilio cha mjane hawezi kuhesabu wizi wa pesa zake sawa na kuchelewa mkutano.

5. NYEPESI SI YA KUCHEZEA

Msitoke hapa mkisema, "Basi zangu ni ndogo, hazina neno." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mweka hazina hakuanza na 4,000. Pengine alianza na ishirini ya nauli, akairudisha, kesho akachukua hamsini, akasahau. Dhambi ndogo isiyotubiwa huandaa njia ya ile kubwa.

6. TURUDI KWA KIKUNDI CHETU

Mama aliyechelewa kwa ajili ya mtoto mgonjwa: je, ametenda dhambi? Hata nyepesi hatuioni. Kama katiba ya kikundi inadai taarifa, akumbushwe kutuma mtu wakati mwingine. Zaidi ya hapo anahitaji kutembelewa hospitali, si kutozwa faini.

Mweka hazina: jambo ni zito, alijua, na hakulazimishwa. Tena aliongeza uongo kitabuni. Kumwekea faini ya 50 ni kumuuzia dhambi kwa bei rahisi, na siku nyingine mwingine atanunua.

Lakini tuwe waangalifu. Katekisimu (na. 1861) inatuambia kwamba tunaweza kusema kitendo ni kizito, lakini hukumu ya mtu mwenyewe tumwachie Mungu. Kikundi kinapima kosa, hakipimi roho. Kwa hiyo msimtukane, msimwimbie barabarani, msiwasumbue watoto wake.

Wengine watakumbusha habari za yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu (Yoh 8:1-11). Ni kweli Yesu alizuia mawe. Lakini hakusema hakuna kosa. Alimwambia aende na aache dhambi. Naye Zakayo, alipoguswa na Bwana, aliahidi mwenyewe kurudisha mara nne (Lk 19:8). Msamaha hufungua mlango, lakini haufuti deni. Katekisimu (na. 2412) inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe.

Kwa vitendo, kikundi kinaweza kufanya hivi:

- Mweka hazina akiri mbele ya wanachama, na deni liandikwe kitabuni na kuwekwa sahihi na mashahidi wawili.
- Mjane apate pesa zake kwanza, hata kama wanachama watachanga, halafu mweka hazina awalipe wao kidogo kidogo.
- Asishike pesa tena. Mwingine achaguliwe, na hesabu zisomwe kila mkutano.
- Akiwa Mkatoliki, ashauriwe kwa upole aende kwa padre apate Sakramenti ya Kitubio. Akiwa wa kanisa lingine, amwone mchungaji wake.
- Akimaliza kulipa, jambo lifungwe. Asiitwe mwizi tena.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni makosa gani madogo tunayoyakemea kwa nguvu, na ni makubwa gani tunayanyamazia? Kwa nini?
2. Je, tumewahi kutumia maneno "nani hana dhambi?" ili kumlinda mtu mwenye cheo au jamaa yetu?
3. Faini zetu zinalingana na uzito wa makosa? Someni katiba yenu na mbadilishe panapostahili.
4. Je, kuna mtu tuliyemsamehe kwa mdomo lakini bado tunamsengenya?

Malizeni kwa sala fupi, mkimwomba Mungu awape macho ya kuona lililo zito, na moyo wa kumsamehe anayetubu.