Ziwa Jipe na Mwigo wa Kompyuta

Swali: Twataka kuuiga mwenendo wa Ziwa Jipe kwa kompyuta. Tuanze na programu gani? (Msomaji, Bomeni, Taveta)

Jibu: Ndugu msomaji, programu isitangulie, kwani kabla ya kuandika amri hata moja yakupasa kulibainisha swali lenyewe, kisha kuandika karatasini kwa lugha ya kawaida yaingiayo na yatokayo: Mto Lumi uletao maji ya Kilimanjaro, mvua za masika na vuli, jua likaushalo, na Mto Ruvu uelekeao Pangani. Ukiuliza kina cha maji, samaki waache nje bila wasiwasi. Ukiuliza mavuno ya samaki, hawaachiki, wala magugu yazibayo ziwa hayaachiki. Karatasi hiyo wasomee wavuvi wa pande zote mbili za ziwa, wa Kenya na wa Tanzania, na kila dhana watakayoikanusha kwa hoja, ichunguze upya kabla hujaigusa kompyuta.